Naitroksi Haikuniponya Kichwa: Tathmini ya Gesi Tatu za Kuzamia

Kwa misimu miwili mfululizo nilikuwa nikijaza mitungi yangu naitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezewa oksijeni hadi kufikia kiasi hicho, na sababu yangu kubwa haikuwa ile inayofundishwa darasani, yaani kupata muda mrefu zaidi chini ya maji bila kulazimika kutua njiani wakati wa kupanda. Nilikuwa natafuta dawa ya kichwa. Mhudumu wa kituo nilichokuwa nikizamia wakati huo alinihakikishia, tena kwa nia njema kabisa, kwamba wateja walioacha hewa ya kawaida na kuhamia naitroksi hawalalamiki tena kuumwa kichwa baada ya kuzamia, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa nimechoka kumaliza kila siku ya bahari nikiwa nimelala gizani na kitambaa kibichi usoni. Tathmini hii inahusu gesi hiyo, pamoja na hewa ya kawaida niliyokuwa nimeiacha na mchanganyiko wenye heli nilioujaribu baadaye. Msomaji ana haki ya kujua mapema ninakoelekea: naitroksi ni gesi nzuri sana kwa kazi yake, lakini kuondoa maumivu ya kichwa yanayoletwa na kaboni dioksaidi si kazi yake, na anayeiuza kwa sifa hiyo anampeleka mteja mbali na chanzo cha tatizo.

Maumivu yenyewe yalikuwa na tabia zake, na naziandika kwa kirefu kwa sababu ndizo zilizonisaidia baadaye kuyatambua. Hayakuanza nikiwa chini. Yalianza nikikaribia juu ya maji au dakika chache baada ya kuvua barakoa, kwanza kama uzito nyuma ya macho, kisha kama mpwito kwenye mapanja yote mawili, ukifuata mapigo ya moyo pigo kwa pigo. Nikiinama kufungua mapezi, yalizidi. Nikipanda ngazi ya mashua na mtungi mgongoni, yalizidi tena. Vidonge vya kawaida vya maumivu viliyapunguza kidogo tu, na mara nyingi yaliondoka baada ya usingizi wa usiku. Zaidi ya yote, yalichagua siku: yalikuja siku za mkondo mkali, siku za kwenda kina kirefu, na siku nilizobeba kamera kubwa na kujilazimisha kutulia mahali pamoja ili kupiga picha, ilhali siku za kuelea polepole kwenye mita 10 au 12 nilirudi nikiwa mzima. Yangekuwa yanategemea tu gesi iliyomo mtungini, yasingebagua siku namna hiyo, na nilichelewa sana kuliona jambo hilo.

Kuhusu huduma ya kujaziwa naitroksi, sina budi kuisifu pale inapostahili sifa. Mitungi ilikuwa na alama ya kudumu ya naitroksi, ilijazwa bila haraka ili isipate joto, na kabla ya kuondoka nilipewa kipima oksijeni nipime mwenyewe badala ya kuambiwa tu kwamba imepimwa. Utaratibu ni mfupi, lakini unahitaji utulivu: kipimo kinarekebishwa kwanza kwa hewa ya kawaida mpaka kisome 20.9, kisha gesi ya mtungini inaachiwa ipite polepole mbele ya kihisio, na mtu anasubiri tarakimu zitulie. Wangu ulisoma 31.7 mara ya kwanza na 32.1 mara ya pili, na kila mara niliandika kwenye utepe wa mtungi asilimia, kina cha mwisho kinachoruhusiwa, tarehe na herufi za jina langu, kisha nikasaini daftari. Kituo kisichompa mteja nafasi ya kupima kwa mkono wake mwenyewe ningekikwepa hata kama kingekuwa na mashua nzuri kuliko zote, kwa sababu oksijeni iliyozidi haina harufu wala ladha, na anayekosea asilimia huenda asipate nafasi ya kusahihisha kosa lake.

Faida ya naitroksi imo katika naitrojeni iliyopunguzwa. Hewa ya kawaida ina naitrojeni takriban asilimia 78 na oksijeni karibu 21; katika naitroksi ya 32, naitrojeni inashuka hadi 68, na mwili unapokea kiasi kidogo zaidi cha gesi ile inayoleta viputo mtu anapopanda. Kwa hesabu za kawaida, anayezamia mita 28 akiwa na mchanganyiko huo anapokea naitrojeni kama aliye kwenye mita 23 hivi akipumua hewa ya kawaida. Kwa anayezamia mara tatu au nne kwa siku, tofauti hiyo ni kubwa. Gharama yake ni kina: kwa kuwa oksijeni yenyewe inakuwa sumu kwa mfumo wa neva mgandamizo wake unapopanda, kikomo kinachotumika sana ni angahewa 1.4 za oksijeni (angahewa moja ni mgandamizo wa hewa juu ya maji), na kwa asilimia 32 kikomo hicho kinafikiwa kwenye mita 33 hivi, ilhali kwa asilimia 36 kinafikiwa kwenye mita 28 hivi. Michanganyiko ya aina hii iliwekewa taratibu na shirika la Marekani la bahari na angahewa, NOAA, katika miaka ya 1970 chini ya Morgan Wells, na mwaka 1985 Dick Rutkowski aliyekuwa ametoka katika shirika hilo hilo akaanza kuifundisha kwa wapiga mbizi wa kawaida. Hakuna hata moja katika shabaha zao iliyohusu kichwa. Hata ile sifa nyingine inayosikika kila mahali, kwamba naitroksi hupunguza uchovu, ilipopimwa mwaka 2003 katika chumba kikavu cha mgandamizo sawa na kina cha mita 18, watafiti hawakuona tofauti kati ya waliopumua hewa na waliopumua naitroksi.

Sasa nieleze kwa nini haikunisaidia, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha tathmini yangu. Kaboni dioksaidi inayoumiza kichwa haitoki mtungini. Inatengenezwa na misuli ya mpiga mbizi mwenyewe, na kiasi chake hutegemea anavyojitumikisha, si kina alichopo wala asilimia ya oksijeni anayopumua. Mapafu ndiyo mlango wake pekee wa kutokea. Mtu akipunguza kwa nusu hewa safi inayofika ndani kabisa ya mapafu, huku mwili ukiendelea kuzalisha kiasi kile kile, kaboni dioksaidi katika damu yake huelekea kuongezeka maradufu. Damu yenye kaboni dioksaidi nyingi huitanua mishipa ya ubongo, na mtiririko wa damu kichwani huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 4 kwa kila milimita moja ya zebaki ya mgandamizo wa kaboni dioksaidi inayoongezeka juu ya kiwango cha kawaida, ambacho ni milimita 40 hivi. Mpwito ule niliokuwa nausikia kwenye mapanja unatokana na mishipa hiyo iliyotanuka. Kuongeza oksijeni mtungini hakuifungui njia ya kaboni dioksaidi hata kidogo, kama vile kuongeza kuni jikoni kusivyoweza kuutoa moshi uliokwama ndani.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo sikuyajua nilipokuwa nikijaza mitungi hiyo. La kwanza ni uzito wa gesi. Lita moja ya hewa juu ya maji ina takriban gramu 1.29 katika joto la nyuzi sifuri, na lita moja ya naitroksi ya 32 ina takriban gramu 1.31, kwa sababu oksijeni ni nzito kuliko naitrojeni. Tofauti ni ndogo, lakini mwelekeo wake unatosha kulimaliza dai la kwamba naitroksi ni nyepesi kupumua: kwa kweli ni nzito kidogo kuliko hewa. Kwenye mita 30, ambako mgandamizo ni angahewa nne, kila lita ya gesi zote mbili inakuwa na zaidi kidogo ya gramu tano, na kiwango cha juu cha hewa ambacho mtu anaweza kuvuta na kutoa kwa dakika kinashuka hadi karibu nusu ya kile alichoweza juu ya maji. Mwaka 2016 watafiti Gavin Anthony na Simon Mitchell walipendekeza gesi isizidi gramu 5.2 kwa lita, na kwa hali yoyote isivuke 6.2, baada ya kuona kwamba juu ya gramu 6 hatari ya wapiga mbizi kulemewa na kaboni dioksaidi wakati wa kazi inaongezeka kwa kasi. Kwa hewa ya kawaida, mpaka wa kwanza unafikiwa kwenye mita 31 hivi na wa pili kwenye mita 39. Nilikuwa nimezoea kuiogopa mita 40 kwa sababu ya ulevi wa naitrojeni peke yake, yaani akili kulewa kwa gesi hiyo kina kinapozidi. Kumbe mapafu yangu yalikuwa na sababu yao ya kuiogopa pia.

Jambo la pili linahusu usalama, na ndilo linalonifanya niandike kwa uzito. Edward Lanphier, akifanya kazi na kitengo cha utafiti wa uzamiaji cha jeshi la majini la Marekani katika miaka ya 1950, aliona kwamba baadhi ya wapiga mbizi waliofanya kazi wakipumua michanganyiko ya naitrojeni na oksijeni hawakuongeza pumzi zao kadiri kazi ilivyohitaji, na kaboni dioksaidi ikajilimbikiza bila wao kuhangaika. Yaani kuna watu ambao mwili wao haupigi kengele kwa sauti ya kutosha. Na kaboni dioksaidi ikiongezeka, damu nyingi zaidi inakwenda kwenye ubongo ikiwa imebeba oksijeni nyingi, kwa hiyo hatari ya degedege la oksijeni inapanda hata kabla ya kufika kikomo kilichoandikwa kwenye utepe wa mtungi. Mtu anayebania pumzi akiwa na hewa ya kawaida kwenye mita 32 anajitafutia kichwa kikali. Mtu anayebania pumzi vivyo hivyo akiwa na naitroksi kwenye kina hicho hicho, karibu na angahewa 1.4 za oksijeni, anajitafutia jambo baya zaidi la kumpata chini ya maji. Ushauri wa kumwambia mwenye kichwa cha kaboni dioksaidi kwamba anywe maji mengi na kuhamia naitroksi, bila kumuuliza anapumuaje, siuoni kuwa kosa dogo la mauzo.

Mimi nilikuwa nabania pumzi. Nilikuwa najivunia matumizi yangu ya gesi, ambayo kwa hesabu ya juu ya maji yalikuwa lita 12 kwa dakika, na kila aliyenisifu kwamba natoka majini na mtungi karibu nusu alinizidishia tabia hiyo. Nilikuwa navuta, nakaa, nahesabu kimoyomoyo hadi nne au tano, natoa kidogo, nakaa tena. Mwenzangu wa kuzamia ndiye aliyegundua, kwa kutazama mapovu yangu kwenye mita 28 wakati nikipiga picha ya samaki mmoja aliyejificha chini ya mwamba. Tulipopanda aliniuliza, "Ndugu yangu, ulikuwa unapumua kweli pale? Nimehesabu mapovu mara tatu tu kwa dakika nzima, na mkondo ulikuwa unakusukuma." Kichwa kilikuwa kimeshaanza kunigonga alipokuwa akiuliza.

Tangu siku hiyo nilibadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ili nijue lipi linafanya kazi. Nilibaki na naitroksi ile ile, regyuleta ile ile (kifaa cha kupumulia kinachotoa gesi mtungini) na maeneo yale yale, nikabadilisha pumzi tu: kuvuta taratibu na kwa kina, bila kusimama juu ya pumzi, kisha kutoa kwa muda mrefu zaidi ya ule wa kuvuta, mpaka nisikie tumbo limeingia ndani. Kutoa ndiko kunakohitaji umakini, kwa sababu anayepumua kwa juu juu anarudisha ndani hewa iliyobaki kooni na kwenye kinywa cha regyuleta, na hewa hiyo, ambayo kwa mtu mzima ni karibu mililita 150 kooni na kwenye njia za hewa peke yake, haijasafishwa. Matumizi yangu yalipanda kutoka lita 12 hadi lita 16 kwa dakika. Kwenye mita 28, kwa mtungi wa lita 12, tofauti hiyo ni kama dakika kumi za kukaa chini, na nilizilipa kwa moyo mmoja, kwa sababu katika mizamio iliyofuata kichwa kilipungua kutoka karibu kila siku ya kina hadi siku za mkondo mkali pekee. Lakini siku hizo za mkondo kilibaki, na ndipo nilipoitilia shaka regyuleta.

Nilikuwa nimeitumia kwa miaka mitatu bila kuifanyia matengenezo ya ndani, nikidhani kuisuuza kwa maji baridi baada ya kila safari kunatosha. Fundi aliifungua mbele yangu juu ya kitambaa cheupe. Ndani ya kinywa cha hatua ya pili, yaani sehemu ya regyuleta inayokaa mdomoni, chini ya kile kiwambo cha mpira kinachobonyea mtu anapovuta, mkono mdogo wa chuma unaofungua vali ulikuwa na ukoko wa chumvi kwenye bawaba yake, mweupe na mgumu kama wa sufuria iliyokauka maji ya bahari, na kiti cha vali kilikuwa na mchubuko wa duara uliozama. Vali iliyochakaa hivyo ilikuwa imekazwa ili isivuje, na matokeo yake ni kwamba kila pumzi ilianza kwa kusukumana na springi. "Juu ya maji hutalisikia," aliniambia, "lakini shuka mita 30, upige mapezi dhidi ya mkondo, uone kama haikunyimi." Kile kitasa cha pembeni cha kupunguza na kuongeza ugumu wa kuvuta nilikuwa nimekifunga karibu chote, kwa mazoea tu, nikidhani kinaokoa gesi.

Inafaa msomaji ajue kwamba kiwango cha Ulaya cha regyuleta, EN 250, hupima kazi ya kupumua kwenye mita 50 kwa lita 62.5 kwa dakika na kutaka isizidi jouli 3 kwa lita, lakini kipimo hicho hufanywa kwa regyuleta iliyo katika hali nzuri, na hakimlindi mtu aliyeiacha miaka mitatu bila kufunguliwa. Matengenezo yale, yaani kubadilisha kiti cha vali, mipira na chujio, kusafisha bawaba na kurekebisha mgandamizo wa hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, yaliniletea nafuu kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichokilipia katika misimu hiyo miwili. Hiyo ndiyo huduma ninayoipa alama za juu kabisa katika tathmini hii. Ningemshauri mwenye kichwa aanzie kwa fundi kabla hajafika kwenye kaunta ya gesi, na akifika kwa fundi aombe aonyeshwe vipande vilivyotolewa.

Baada ya hapo nilirudi kwenye hewa ya kawaida kwa makusudi. Kwenye mita 18, ikiwa na regyuleta iliyotengenezwa na pumzi zisizobaniwa, sikuumwa kichwa hata mara moja katika mizamio ya wiki nzima, mingine ikiwa na mkondo wa wastani. Hewa ya kawaida ilikuwa imeonewa bure. Nina sharti moja tu juu yake, nalo ni usafi wa kompresa, mashine inayojaza mitungi. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu kaboni dioksaidi isiyozidi sehemu 500 katika milioni, na hata kiasi hicho kikizidishwa mara nne na mgandamizo wa mita 30 bado ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kilichomo ndani ya mapafu yenyewe, kwa hiyo mtungi uliojazwa vizuri hauwezi kulaumiwa. Kaboni monoksaidi ni habari nyingine. Hiyo kiwango kinairuhusu hadi sehemu 5 tu katika milioni, nayo huingia mtungini pale bomba la kuvutia hewa la kompresa linapokuwa karibu na moshi wa injini, au mafuta ya kompresa yanapoungua kwa joto. Haina harufu, nayo pia huleta kichwa na kichefuchefu. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nikiumwa kichwa peke yangu natazama pumzi zangu na vifaa vyangu, lakini tukiumwa watu wawili au watatu tuliojaza mahali pamoja siku moja, mitungi yote inawekwa kando na kupimwa kabla mtu yeyote hajaigusa tena.

Vichwa vingine havihusiani na gesi kabisa, na navitaja kwa kifupi ili msomaji asije akalipia kisichomhusu: mkanda wa barakoa uliokazwa kupita kiasi, meno yanayouma kipande cha mdomoni kwa nguvu, shingo iliyokunjwa nyuma kwa saa nzima, matundu ya uso yaliyoziba mafua, baridi, au kukosa kahawa kwa aliyeizoea. Kichwa kinachofuatana na ganzi, udhaifu wa kiungo, kizunguzungu au kushindwa kusimama sawa hakitathminiwi na mtu yeyote kwenye mashua. Huyo anapewa oksijeni safi na kupelekwa kwa daktari mara moja.

Imebaki trimiksi, ule mchanganyiko wenye heli nilioutaja mwanzoni, na hapa nakiri kwamba nilikwenda nikiwa na wasiwasi wa kupoteza fedha. Baada ya kumaliza mafunzo yanayotakiwa, nilizamia mara kadhaa na mchanganyiko wa oksijeni asilimia 30, heli asilimia 30 na naitrojeni asilimia 40. Heli ni nyepesi kiasi kwamba lita moja ya mchanganyiko huo kwenye mita 30 ina uzito wa chini kidogo ya gramu nne, ambao ni sawa na hewa ya kawaida kwenye mita 20. Tofauti inasikika tangu pumzi ya kwanza ya chini: gesi inapita kinywani bila kusukumwa, kama mlango uliopakwa mafuta. Nilipambana na mkondo ule ule uliokuwa ukinilaza kitandani, nikashika mwamba, nikajisikiliza, na sikuona ile njaa ya hewa inayomfanya mtu atamani kuitema regyuleta. Jioni kichwa kilikuwa shwari. Akili nayo ilikuwa nyepesi zaidi, kwa sababu heli hailevyi, na nilikumbuka mpangilio wa picha zote nilizopiga bila kuangalia kamera.

Kwa mizamio ya mita 30 na kuendelea yenye kazi, hiyo ndiyo gesi pekee kati ya hizi tatu ambayo ninaweza kusema inapunguza chanzo chenyewe cha kaboni dioksaidi kubaki mwilini, kwa sababu inapunguza uzito wa kile kinachovutwa. Hata hivyo sipendi ichukuliwe kuwa kinga. Heli ni ghali na haipatikani kila mahali, inahitaji mafunzo na kompyuta ya kuzamia inayoielewa, na mtu anayebania pumzi ataendelea kujidhuru hata akiwa nayo. Kifo cha David Shaw kwenye pango la Boesmansgat huko Afrika Kusini, tarehe 8 Januari 2005, kinabaki kuwa funzo zito. Alikuwa kwenye kina cha takriban mita 270, akitumia mashine inayozungusha pumzi na gesi yenye heli nyingi, na alipokuwa akihangaika na kazi ya kuutoa mwili wa mpiga mbizi mwingine, kaboni dioksaidi ilimzidi nguvu. Kina kile kiko mbali sana na mizamio yetu, lakini mfuatano ni ule ule: gesi nzito, kazi inayozidi, pumzi zinazofupika.

Kwa hiyo mgawanyo wangu wa matumizi kwa sasa ni huu. Hadi mita 20 ninapumua hewa ya kawaida, isipokuwa siku za mizamio mingi, ambapo nachukua naitroksi kwa sababu ya naitrojeni na si kwa sababu nyingine. Kati ya mita 20 na 30 natumia naitroksi ya 32, nikiwa nimeipima mwenyewe. Zaidi ya mita 30, kama kuna mkondo au kazi, nachukua mchanganyiko wenye heli au siendi. Nikisikia pumzi zinafupika, popote nilipo, naacha kupiga mapezi, nashika kitu, natoa pumzi ndefu tatu au nne, na nikiona hazirudi katika hali yake nampa mwenzangu ishara ya kupanda.

Juma lililopita nilirudi kwenye ule mwamba wa mita 28. Samaki alikuwa bado yupo. Nilipiga picha nane badala ya ishirini, geji ya mgandamizo wa mtungi ikasoma baa 70 badala ya 110 nilizokuwa nikijivunia, na mwenzangu, aliyekuwa akihesabu mapovu tena bila kuniambia, alifika kwenye mashua akinionyesha vidole kumi na moja: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kisha kimoja cha ziada.